Vimondo vya 87.9

Kwanza kabisa, hakuwa jini. Tuelewane hapo, maana tangu juzi kila nikipita barazani naulizwa yule mwanamke wa angani ameshaposwa au bado. Sahibu yangu (yumo humu kundini, anasoma, anacheka) ameitembeza habari hii, eti redio yangu ya kusikilizia vimondo imenasa jini la kike angani, Malindi nzima hadi Mambrui, na kila ikimtoka kinywani inazidi chumvi. Mara ya mwisho nimeisikia, nilikuwa nimezimia. Sikuzimia. Nilikaa chini tu.

Kile kituo changu cha falaki mnakijua. Haya, ni paa la nyumba ya ami yangu huku Shella, lina tangi la maji na kamba za kuanikia nguo, lakini mtu huanzia alipo. Kwa waliochelewa kufika: kimondo, hata kikiwa kidogo kama punje ya mchanga, huungua huko juu kiasi cha kilomita 100 na kuacha mkia wa hewa yenye chaji ya umeme. Mawimbi ya redio yakiupiga mkia ule yanarudi chini. Basi unatafuta masafa ya FM ambayo hapa mjini hayana mwenyewe, ila yana stesheni huko mbali ambayo kwa kawaida huwezi kuishika. Redio inakaa inakoroma, shhhhh. Kimondo kikipita unasikia stesheni ile nukta moja mbili, kisha shhhhh tena. Mawingu yawepo yasiwepo, shauri yao.

Nikaunda antena ya Yagi, ile ya mabomba yaliyopangwa sambamba. Boriti ya mkandaa, mabomba ya shaba kutoka kwa fundi wa mafriji. Pale kati vipande viwili vya sentimita 81 kila kimoja, vyote pamoja karibu nusu ya wimbi la 87.9, masafa niliyoyachagua, nyuma bomba refu kidogo, mbele fupi kidogo. Kebo ya dishi ikashuka mpaka kwenye kile kidude cha USB cha kutazamia TV ya dijitali, ambacho tangu 2012 watu wamejua kwamba ukikipa programu nyingine kinageuka redio ya kunasa karibu kila kitu. Mama akaniuliza kama hiyo ni ya kuanikia samaki.

Na vimondo vikaja! Usiku wa kwanza tu: shhhhh, Bongo Flava nukta tatu, shhhhh. Nikaruka. Bongo Flava ni Tanzania, nikasema hii Dodoma, kama kilomita 600 hivi, umbali unaoweza kufaa. Nikachora grafu, nikaiweka hapa, mkanipongeza. Msijifanye hamkuwepo.

Kulikuwa na jambo moja tu. Vimondo vya kila siku huwa vingi alfajiri, kwa kuwa saa hizo upande wetu wa dunia ndio uliotangulia mbele kuvipokea. Jioni huwa haba. Vyangu vilijaa saa moja usiku, na alfajiri hakuna hata kimoja. Ijumaa baada ya swala vilimiminika. Mimi, msomi, nikaandika kwenye daftari: "Ajabu! Huenda ni kwa sababu tuko karibu na ikweta."

Ikafika ile mvua ya vimondo ya kila mwaka iitwayo Geminidi, usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba. Nikaalika watu. Sahibu akaleta spika yake ya harusini (hiyo kwenye masimulizi yake haitaji). Mikeka, kahawa chungu, tende. Ami akakaa pale mbele na kofia yake ya vito, akaanza ya kwake ya siku zote: Desemba 12 mwaka 1970, Waitaliano walivyorusha satelaiti ya Uhuru kutoka kwenye jukwaa la baharini pale Ngomeni. Anavyoisimulia, utadhani kiberiti alikiwasha yeye. Kisha akanigeukia: "Lakini vimondo, mwanangu, hupigwa mashetani wanaodukiza ya mbinguni. Sasa wewe unayedukiza vimondo tukuiteje?"

Watu wakacheka. Nikamwambia asubiri.

Saa moja na nusu. Shhhhh. Nukta mbili za muziki. Makofi! Shhhhh. Halafu ikaja taarabu, mbali, ikapanda, ikapanda, na haikukatika. Nikanyoosha kidole juu. "Hiki kikubwa," nikasema, "mkia wa kimondo kikubwa unaweza kurudisha mawimbi hata dakika nzima." Taarabu ikanyamaza. Ikalia simu. Simu, ndugu zanguni, huko angani. Kisha sauti ya mwanamke, safi, imejaa spika ya harusi, imejaa mtaa:

"Haloo? Uko wapi wewe?"

Nikawaeleza wageni kuwa Dodoma wana kipindi cha salamu. Kidole bado kiko juu.

"Yule mzee umempa kodi yake?"

Na hapo chini, nyuma ya ukuta, bila spika wala antena, mwanamume akajibu: "Bado!"

Kikombe cha ami kikasimama karibu na mdomo.

"Basi usimpe mwezi huu. Mwambie tuktuk imekufa injini. Akishupaa muulize habari za Waitaliano wa Ngomeni, atasahau lililomleta."

Hakuna aliyepumua. Nikakirukia kitufe cha sauti, nikakizungusha kulia. Kulia ndiko kuongeza. "WATAKA NIRUDIE?" likauliza anga zima. Nikachungulia chini: mpangaji wa ami, yule wa chumba cha uani, yuko ndani ya tuktuk yake, uso ameuinua, mkewe anamsikia juu mbinguni, midomo inamcheza audhubillahi. Jini la watu limezaliwa hapo.

Yaliyobaki ni machache. Tuktuk zina vile vidude vya kuchukua nyimbo na simu kwa bluetooth na kuzirusha kwenye redio ya gari kwa FM, na fundi mmoja wa stendi amezifunga zote kwenye 87.9. Grafu yangu ilikuwa ratiba ya abiria wa sokoni na msikitini. Nyota za Mapacha, zinakotokea Geminidi, huchomoza hapa kama saa mbili na nusu usiku, hakuna aliyezingoja. Kodi ililipwa usiku ule ule, na madereva wa stendi wananitoza nauli ya mzungu.

Jana nikapanda juu na spana kuishusha antena. Ami akanizuia ngazini. Haishushwi. Anachotaka kujua ni kama inaweza kugeuzwa ielekee Barani, maana huko ana wapangaji wengine wawili.