Kuhama Python 2: alama moja tu ya mkwaju (/) inatosha kuharibu hesabu

Python 2 ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na toleo lake la mwisho, 2.7.18, lilitoka Aprili 2020. Programu zilizoandikwa kwa lugha hiyo bado zinapiga kazi, na wenye nazo wanauliza swali la haki: kitu kizima kinaguswa kwa nini?

Siwabezi. Katika msimbo (maandishi ya programu) wa miaka kumi, mstari unaoonekana wa ajabu huenda uliwekwa baada ya kosa lililomgharimu mtu. Na kuhamia Python 3, iliyoirithi, kuna hatari zake. Ukiandika print, amri ya kuonyesha maandishi, bila mabano, Python 3 inagoma papo hapo, unarekebisha, unaendelea. Lakini chukua programu ya mikopo inayotumia mkwaju kugawa shilingi 100,000 kwa miezi 12. Python 2 inakupa 8333. Python 3 inakupa 8333.33 na desimali zinaendelea. Amri ya kukadiria, round(2.5), ilikuwa inatoa 3.0, sasa inatoa 2. Hakuna onyo lolote. Hata 2to3, chombo cha kugeuzia msimbo, kinaongeza mabano ya print ila mkwaju wa kugawanya hakiugusi, maana hakijui unagawa nini. Unashtuka mwisho wa mwezi, hesabu zimekataa kufunga.

Watengenezaji nao wana lawama. Python 3.0 ya Desemba 2008 ilibadilisha mengi kwa mpigo. Ilipofika 2012, toleo la 3.3 ndipo liliporuhusu tena herufi u iliyowekwa mbele ya matini katika Python 2, msimbo mmoja ukaweza kuishi kirahisi zaidi pande zote mbili. Kikomo cha kuihudumia Python 2, kilichokuwa 2015, kikasogezwa hadi 2020.

Pamoja na hayo, nasema hama. Tundu la usalama likigunduliwa leo, waliounda Python 2 hawalizibi tena. Maktaba, yaani misimbo iliyo tayari kutumiwa na wengine, kama Django ya tovuti na NumPy ya hesabu nazo zilishaiacha, kwa hiyo kila mwaka unabaki na maktaba kuukuu zaidi.

Ila usiandike kila kitu upya. Instagram walikamilisha uhamaji wao 2017 hatua kwa hatua, huduma ikiendelea. Andika kwanza majaribio ya hesabu ambazo majibu yake unayajua kwa hakika. Python 2 yenyewe inakuruhusu kuwasha mgawanyo mpya, ule wa Python 3, faili moja moja kabla hujahama. Anza na faili linalogusa fedha: tafuta kila mkwaju, ujiulize kama unataka desimali au namba kamili. Ukitaka namba kamili, weka mikwaju miwili (//).