Uğur Mumcu: Mwandishi Mwenye Upande na Nyaraka Mkononi

Uğur Mumcu, mwandishi wa habari wa Uturuki, alisomea sheria Ankara kabla ya kuingia kwenye uandishi, na ukisoma safu yake ya "Gözlem" katika gazeti la Cumhuriyet utalijua hilo mapema. Shutuma haikumtosha. Alitaka tarehe, saini na risiti ya benki.

Mwaka 1987 alifichua kwamba mishahara ya maimamu wa Kituruki waliopelekwa Ulaya ilikuwa imelipwa na Rabita, jumuiya ya Kiislamu yenye makao Makka, kwa idhini ya serikali ya Jenerali Kenan Evren. Ni majenerali haohao waliopindua nchi mwaka 1980 wakijiita walinzi wa dola isiyofungamana na dini! Kabla ya hapo alikuwa amemfuatilia Mehmet Ali Ağca, muuaji wa mhariri Abdi İpekçi mwaka 1979, aliyempiga risasi Papa Yohane Paulo II mwaka 1981. Wengi walibishana kama mkono uliokuwa nyuma ya shambulio hilo ni wa Moscow. Mumcu alifuata bunduki na fedha hadi kwa wafanyamagendo waliopitishia mali yao Bulgaria.

Wanaomkosoa wana hoja nzito: alikuwa mfuasi waziwazi wa Atatürk, mwasisi wa jamhuri ya Uturuki, tena mwanaharakati wa mrengo wa kushoto, na aliona mkono wa mataifa ya nje kwa wepesi mno. Nakubaliana nao kuhusu Wakurdi. Alipoandika juu ya uasi wa Wakurdi wa 1925 ulioongozwa na Sheikh Said, Uingereza ilichukua nafasi kubwa, na madai ya Wakurdi wenyewe yakabaki pembeni.

Hata hivyo, kuwa na upande hakukuifanya kazi yake kuwa propaganda. Aliuweka msimamo wake wazi na ushahidi wake mezani, na asiyempenda aliweza kuukagua. Mwandishi anayejidai hana upande huku akinukuu "vyanzo vya kuaminika" hakupi nafasi hiyo.

Tarehe 24 Januari 1993 bomu lilimuua ndani ya gari lake, nje ya nyumba yake Ankara. Eneo la mlipuko lilifagiwa kwa mafagio, ushahidi ukaenda na taka. Baadaye watu walihukumiwa, lakini swali la nani aliyeamuru halijafungwa. Siku hizo alikuwa akichunguza uhusiano wa PKK, kundi la wapiganaji wa Kikurdi, na idara za ujasusi, yaani suala lilelile la Wakurdi ambako msimamo wake ulikuwa ukimponza. Waliomuua walituzuia kuona kama nyaraka zingembadilisha.