Ukihesabu vichwa wanawake wamefika, ila soma mikataba yao

Hapa Marekani ukigusia wanawake walimu wa sayansi watu wanakimbilia MIT, kile chuo kikuu maarufu cha sayansi na teknolojia, moja kwa moja, na sishangai. Mwaka 1994 Nancy Hopkins, profesa wa biolojia pale, na wenzake walihesabu skuli yao nzima ya sayansi wakakuta wanawake wenye ajira ya kudumu ni 15, wanaume karibu 200, na Hopkins mwenyewe alishapita na futikamba kupima maabara za wenzake aone nani kapewa nafasi kiasi gani. Ripoti ikatoka 1999, na 2001 NSF, ule mfuko wa serikali kuu wa sayansi, ukaanzisha programu ya ADVANCE kuwainua wanawake walimu wa sayansi. Safi sana, ila hela nyingi ikaenda vyuo vikuu vya utafiti.

Mimi nataka tuangalie kule tulikopita sisi, komyuniti koleji, vile vyuo vya umma vya miaka miwili. Wabongo na Wakenya kibao tulioanza kwa kubeba boksi tukataka unesi hatukuwa na njia nyingine ya bei nafuu, lazima upige anatomia na fiziolojia, maikrobaiolojia, kemia kidogo, na mimi karibu wote walionifundisha hizo walikuwa wanawake.

Sasa kuna wanaosema komyuniti koleji ndiyo sehemu mwanamke kapata haki yake mapema, na hoja yao ina uzito kweli. Kwanza wanawake ni zaidi ya nusu ya walimu, kitu ambacho vyuo vikuu vikubwa havijafika. Kuajiriwa mara nyingi inatosha masters, huulizwi umechapisha makala ngapi, unapimwa kwa ufundishaji, kwa hiyo mama aliyezaa watoto wawili katikati ya masomo hajaachwa nyuma kama angeachwa kwenye maabara ya utafiti. Halafu mshahara, pale penye chama cha wafanyakazi kuna jedwali, elimu yako na miaka yako kazini vinakupeleka kwenye daraja fulani na mwenzako mwanaume mwenye vigezo hivyohivyo yuko daraja hilohilo, hakuna mambo ya kuitwa ofisini kubembelezana bei. Mimi hilo jedwali nalikubali kabisa, lingekuwepo kila mahali.

Shida ni kwamba jedwali hilo linamhusu mwenye ajira ya kudumu, na walimu wa komyuniti koleji takriban theluthi mbili ni wa muda, wale ambao Bongo tungewaita deiwaka. Mwalimu wangu wa anatomia alikuwa mmoja wao. Ana PhD, anatufundisha kupasua moyo wa kondoo, anakushika mkono taratibu mpaka kisu kipite katikati ya ventrikali, chumba cha chini cha moyo, bila kuharibu vali, na maswali yetu anajibu kwenye paking akiwa ameegemea buti ya gari kwa sababu ofisi hana, buti lenyewe limejaa mitihani ya vyuo vitatu tofauti. Analipwa kwa kozi, bima ya afya hana, darasa lisipojaa linafutwa wiki moja kabla na ile hela imekwenda. Nafasi ya kudumu ilipotangazwa aliomba, wakachukua mtu wa nje, na semista iliyofuata yeye ndiye aliyemwonyesha yule mgeni funguo za maabara zinakaa wapi. Hilo liliniuma na mpaka leo linaniuma.

Vyuo navyo vina utetezi wao tusiupuuze. Wanafunzi wanapanda na kushuka, mwaka 2020 korona ilipoingia walipungua vibaya mno, na bajeti ya jimbo haitabiriki, sasa ukijaza ajira za kudumu utawalipa na nini? Pia wapo wanaotaka hivyohivyo, nesi wa hospitali anayependa kufundisha jioni moja kwa wiki yuko sawa na chuo kinapata mtu anayetoka wodini leoleo. Na wanaume deiwaka wapo wengi pia, sikatai. Ila mtu anayeendesha gari vyuo vitatu kwa siku hiyo siyo kazi yake ya pembeni, ndiyo kazi yake, na kwa ninavyoona mwanamke ananasa zaidi pale kwa sababu mume ana kazi mji huu, watoto wana shule hapa, hawezi kuhama kufuata nafasi jimbo lingine.

Hata sheria peke yake haitoshi. California waliweka lengo mwaka 1988 kwamba asilimia 75 ya ufundishaji ifanywe na walimu wa kudumu, na vyuo vingi bado havijafika. Wakaweka pia kikomo kwamba mwalimu wa muda asizidi asilimia 67 ya mzigo wa mwenye ajira kamili ndani ya wilaya moja ya vyuo, yaani vyuo vilivyo chini ya bodi moja, matokeo yake anaenda kutafuta madarasa wilaya ya pili na ya tatu, barabarani tena.

Na kuna jambo dogo ambalo wanaojadili usawa wanalipita haraka, saa za maabara. Vyuo vingi saa ya maabara inahesabiwa pungufu ya saa ya lekcha, unaweza kusimama saa tatu mbele ya wanafunzi wenye visu na asidi ukahesabiwa kama mbili. Biolojia ndiyo imejaa maabara, na biolojia ndiyo iliyojaa wanawake, fizikia na uhandisi bado ni wachache. Kwa hiyo kama kuna chuo kinataka kuanza mahali, kianze hapo, saa ya maabara ilipwe sawa na ya lekcha, na nafasi ya kudumu ikitoka, deiwaka aliyefundisha pale miaka mitano aitwe kwenye intavyuu kwanza kabla tangazo halijaenda nje. Mwalimu wangu alikuwa anafika saa kumi na mbili asubuhi kumimina agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, kwenye sahani kabla hatujaingia, na saa hiyo ilikuwa haimo kwenye mkataba wowote kati ya ile mitatu.