Feri ya Gosport na feri ya Likoni

Kila Jumanne, mvua isipozidi, mimi hupanda feri ya kwenda Gosport, ng'ambo ya bandari ya Portsmouth huku Uingereza, na wala sina shughuli yoyote Gosport. Nakwenda, nanywa chai, narudi. Binti yangu ni nesi, hana muda wa upuuzi, huniuliza: "Baba, hiyo nauli unalipa kwenda wapi hasa?" Namwambia naenda kuvuka. Mtu aliyezaliwa Likoni, kwenye kivuko cha Mombasa, haulizwi zaidi ya hapo.

Bandari ya Portsmouth huvukwa kwa dakika nne hivi. Watu huingia kimya, hukaa kimya, hushuka kimya, na saa ikifika feri huondoka hata kama umebakisha hatua tatu. Likoni mwenda kwa miguu halipi hata senti, ila hulipa kwa foleni, kwa jua, na kwa yule wa mkokoteni anayekupigia kelele, "Mzee, miguu!" Ningekuwa mtu wa haraka ningeichagua ya Gosport. Lakini haraka iliniisha zamani, na Likoni sijawahi kuvuka bila ya kuulizwa: mzee, hawa wa Yemen wanapiga meli kwa nini? Hormuz ikifungwa, petroli itapanda? Wananiuliza kama kwamba nilikuwa kamanda wa jeshi zima, nami nilikuwa fundi wa injini tu katika jeshi la wanamaji la Kenya. Bahari niliijua kwa nyayo, kwa jinsi sakafu ilivyotikisika.

Portsmouth haniulizi mtu. Jirani yangu naye ni mwanamaji mstaafu, wa jeshi la Uingereza. Ananiita jina langu kavu kavu, bila "mzee" wala nini. Mwanzoni ilinichoma, sasa nimezoea. Meli yao ilitia nanga Mombasa miaka ya sitini, na anachokikumbuka ni baa za Kilindini Road peke yake. Nikamwambia barabara hiyo siku hizi inaitwa Moi Avenue. Akauliza kama baa zipo. Hapo mazungumzo yetu ya historia yakaishia.

Mji huu sikuufikia mara ya kwanza nikiwa mzee wa kupokewa na binti kwenye uwanja wa ndege. Meli zetu za kivita, KNS Nyayo na KNS Umoja, ziliundwa huku Uingereza na kampuni ya Vosper Thornycroft, nasi tukaja hapa kuzichukua. Mwaka 1988 tukazipeleka nyumbani, Mediterania, Suez, Bahari ya Shamu. Injini nne za Paxman katika chumba kimoja, na nje ni Agosti ya Bahari ya Shamu! Tulipopita Bab el Mandeb, mlango wa kusini wa bahari ile, hatukuogopa kitu zaidi ya joto. Mlango ule ule, tangu mwisho wa 2023, umefanya meli kubwa kuliko zetu mara nyingi ziuone mbali, zizunguke mpaka Rasi ya Tumaini Jema kwa kukimbia makombora. Kwenye televisheni wanajadili bei ya mizigo. Mimi humfikiria fundi aliye chini, asiyeona kinachokuja.

Sisi tulipoipinda Rasi Asir, ncha ya Somalia, kusi likatupokea usoni, na waliokuwa wakijisifu Portsmouth wakaanza kutafuta ndoo. Tulipoingia Kilindini mama yangu alikuwa amesimama upande wa Likoni. Hakujua meli ipi ni yangu, akazipungia zote mbili kwa kanga yake.

Basi mwaka jana mjukuu wangu alipewa kazi ya shule kuhusu meli. Nikampeleka kwenye gati la makumbusho. Meli ya Mary Rose ilizama 1545, wakaiopoa 1982, na leo ina nyumba yake yenyewe. HMS Victory ipo pale, mbao zake zinatunzwa kama mgonjwa wa hospitali. Mtoto akatazama weee, kisha akaniuliza, "Babu, meli yako iko makumbusho gani?"

Nikababaika. Mombasa tunayo makumbusho, tena mazuri. Ndani ya Fort Jesus utaona vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Mreno iliyozama pale chini 1697, Waomani walipoizingira ngome ile. Mreno tumemhifadhi. Vijana wa Mtongwe, kambi yetu ya wanamaji, waliolinda pwani ile tangu 1964 tumewaachia midomo ya mabarazani, na midomo hiyo inazikwa mmoja mmoja. Ndugu yangu nilipomwambia kwa simu alinicheka: "Watu hawana maji ya mfereji, wewe unataka nyumba ya meli?" Ana haki. Lakini daftari la shule ni bei gani?

Tukaenda na Southsea, kwenye mnara wa wanamaji. Kuna vibao vya shaba, na majina zaidi ya 24,000 ya watu waliokufa baharini wasiwe na kaburi. Mjukuu akaweka kidole juu ya jina moja, akalisoma kwa sauti, akahamia la pili. Nikaiona Mtongwe. Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri imejaa kupita kiasi, imepinduka karibu na nchi kavu kabisa. Wapiga mbizi wetu walipokuwa wakirudi juu, hakuna aliyewauliza kitu. Walikufa watu 272. Idadi hiyo kila mtu wa kwetu anaijua. Majina, kila mmoja ana yake machache. Mimi ninayo manne, na mmoja wao ni mama aliyetuuzia mahamri kwenye lango la kambi.

Wala sisemi Waingereza wametushinda. Jumapili moja ya Novemba, siku yao ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, jirani yangu huvaa medali zake, watu wakampa mkono, na kesho yake hukokota pipa lake la taka peke yake. Likoni hakuna anayejua medali yangu ina utepe wa rangi gani. Lakini kuna siku nilichelewa kutoka barazani, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamebisha hodi watu watatu. Mmoja alikuja kukopa, sawa, lakini alibisha.

Sasa kila Jumamosi baada ya chai mjukuu huketi na daftari. Kiswahili chake kinachechemea, kwa hiyo namtajia herufi moja moja. Tumeandika yale majina manne. Tumeandika waliokuwa nami chumba cha injini cha Nyayo. Ukurasa huo una mstari mmoja mtupu. Kulikuwa na kijana, nadhani wa Lamu, aliyetoka nyumbani na chupa ya achari ya ndimu akaificha nyuma ya mabomba ya maji baridi, na kila aliyetapika alipewa kijiko. Uso wake ninao. Jina limenitoka. Kama ulikuwemo, au baba yako alikuwemo, niambieni aliitwa nani. Mtoto ameacha nafasi.