Kansas wana chama cha waandishi wanafunzi, sisi tuna UMISSETA

Watanzania tulioko Marekani tukianza kulinganisha shule za huku na za nyumbani, mazungumzo huishia kwenye maabara, mabasi ya njano na chakula cha mchana. Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalioni hata mtoto wao akiwa ndani yake, nalo halihitaji fedha nyingi kama hayo matatu: chama cha jimbo kinachounganisha magazeti ya wanafunzi wa sekondari. Kila nikilitazama naona ni kitu ambacho nyumbani tungeweza kukiendesha, tena baadhi ya sehemu tungeziendesha vizuri zaidi.

Hapa Kansas kinaitwa Kansas Scholastic Press Association, na makao yake ni Chuo Kikuu cha Kansas mjini Lawrence. Texas wana chao chenye ofisi katika chuo kikuu cha jimbo kule Austin tangu mwaka 1927, na majimbo mengi yana mfano wake. Wanachama ni shule, kupitia mwalimu mlezi wa gazeti. Hilo ndilo la kwanza la kuelewa: nguzo ya chama ni mlezi. Wanafunzi huhitimu na kuondoka, yeye anabaki, na chama kipo zaidi ili mwalimu aliye peke yake katika mji mdogo wa mashambani awe na wa kumpigia simu mambo yakichacha.

Gazeti lenyewe kwa kawaida ni somo la hiari lililo kwenye ratiba, lina alama na lina kipindi chake. Mzazi uliyefika karibuni, iwe Wichita au Kansas City, ujue kwamba fomu za kuchagua masomo ya mwaka unaofuata hutolewa miezi ya mwanzo wa mwaka, na shule nyingi humtaka mwanafunzi asome kwanza somo la utangulizi wa uandishi wa habari ndipo aingie kwenye chumba cha gazeti. Mtoto anayezungumza Kiswahili na Kiingereza ni mali katika chumba hicho, kwa sababu anaweza kuwahoji wazazi ambao hakuna mwingine pale atakayeelewana nao. Ada za safari za mashindano zipo. Zikikushinda, mwambie mlezi faraghani. Shule nyingi zina fungu la kusaidia ambalo halitangazwi.

Sasa mashindano, maana ndiko kwenye elimu. Yako ya namna mbili. Ya kwanza ni kazi zilizokwisha kufanyika, yaani picha, kurasa zilizosanifiwa na video, ambazo hutumwa kabla. Ya pili hufanyika kwa saa, palepale. Shule hupangwa kwa ukubwa ili ya wanafunzi mia moja isipambane na ya elfu mbili, na kila shule hupewa idadi ndogo ya washiriki kwa kila fani. Kwa kuwa mtu wa Goodland, magharibi kabisa, ana zaidi ya saa tano za barabara hadi Lawrence, kuna ngazi ya kanda kwanza, halafu washindi ndio wanaokwenda ngazi ya jimbo.

Kwenye fani ya habari, washiriki hupewa karatasi ya taarifa za msingi na maelezo ya mtu aliyehojiwa, kisha huandika kwa muda uliopangwa. Ndani ya karatasi hiyo mna taarifa zisizo na maana zilizochanganywa na za maana, na kazi ya mshiriki ni kuzichambua. Wanaoanguka huanguka kwa makosa yaleyale. Aya ya kwanza inaanza na tarehe badala ya jambo lenyewe, au inavuka maneno 35 na kumchosha msomaji. Maoni ya mwandishi yanajipenyeza, akaandika kwamba hafla ilifana bila kusema ni nani aliyesema ilifana. Nukuu inarudia kile ambacho sentensi ya juu yake imeshasema. Jina la mtu limekosewa herufi moja, na kwa majaji wengi hilo peke yake linakuondoa kwenye nafasi za juu hata kama habari ni tamu. Wengine huandika jina la shule yao kwenye karatasi wakati kanuni inataka namba tu, wakaondolewa kabla hata ya kusomwa.

Maelezo ya picha ni fani inayodharauliwa, na ndiyo ningeanza nayo kumfundisha mtoto yeyote. Sentensi ya kwanza kwa wakati uliopo: nani, anafanya nini, wapi. Ya pili inaeleza kile ambacho jicho halikioni, kama matokeo ya mechi au sababu ya watu kukusanyika. Ya tatu, ikiwepo, ni nukuu ya aliye pichani. Ukimwona mwanafunzi ameandika "mchezaji akicheza mpira", ujue hakushuka uwanjani kuuliza jina.

Kongamano la mwaka la vuli si mashindano, ni siku ya mafunzo. Vipindi vingi vya chini ya saa moja vinaendeshwa kwa pamoja katika vyumba tofauti: kuhoji, kuhariri sauti, kupiga picha ukumbini bila taa, sheria ya habari, kuuza matangazo. Hotuba ya ufunguzi mara nyingi ni kupoteza muda, msinichukulie vibaya. Kosa la shule changa ni kuwaacha wanafunzi kumi na wawili wakafuatana kwenye chumba kimoja kwa sababu ni marafiki. Mlezi mzoefu huwagawa wawili wawili, kila jozi na chumba chake, na kila jozi inadaiwa mambo matatu ya kuyatumia kwenye toleo linalofuata. Penye thamani kubwa kuliko vyote ni meza ya uhakiki: mtu mzoefu anakaa na gazeti lenu na kalamu nyekundu, ukurasa kwa ukurasa, wahariri wakimsikiliza. Kuna na upande usiopendeza. Kampuni za kuchapa vile vitabu vinene vya picha za mwaka hudhamini shughuli hizi, na baadhi ya vipindi vinageuka kuwa mauzo yaliyovikwa joho la mafunzo. Vikombe navyo huwa vinakwenda kwa shule za vitongoji vyenye pesa mwaka baada ya mwaka, kamera zao zikiwa bora kuliko za magazeti ya wakubwa.

Lakini yote hayo yangekuwa mapambo kama si sheria. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji watano kwa watatu, iliamua kesi ya shule ya Hazelwood East, jimboni Missouri, ambako mkuu wa shule alikuwa ameondoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi mwaka 1983 kwa sababu ya habari za mimba na talaka. Mkuu alishinda. Kansas ikajibu mwaka 1992 kwa sheria yake yenyewe: wahariri wanafunzi ndio wanaoamua kinachochapishwa, shule inaweza kupanga idadi ya matoleo, urefu na namna ya kusambaza, lakini haiwezi kuzuia habari kwa sababu tu ni ya siasa au ina utata. Kashfa, uchafu na uchochezi wa kuvuruga shule havilindwi. Mlezi hawezi kufukuzwa wala kuhamishwa kwa kukataa kuwakandamiza wanafunzi, na shule haishitakiwi kwa walichoandika. Mjini Kansas City kuna barabara inaitwa State Line Road. Upande mmoja ni Kansas, ng'ambo yake ni Missouri, na mwanafunzi wa upande huu ana haki ambayo mwenzake wa ng'ambo hana.

Uzito wa sheria hiyo ulionekana Machi 2017 katika mji wa Pittsburg, kusini mashariki mwa Kansas. Wanafunzi wa gazeti la The Booster Redux walichunguza vyeti vya mkuu mpya wa shule aliyekuwa ameajiriwa na hajaanza kazi, wakagundua kwamba chuo alichodai kusoma hakikuwa na ithibati. Walichapisha Machi 31; Aprili 4 akajiuzulu. Kuna jambo ambalo vichwa vya habari viliruka: mlezi wao alikuwa kwenye kamati iliyomwajiri huyo mkuu, hivyo akajiweka kando na habari hiyo, na mkurugenzi wa chama cha jimbo akaingia kuwashauri. Bila chama, watoto wale wangebaki ama na mlezi mwenye mgongano wa maslahi, ama bila mlezi kabisa.

Nyumbani tuna nini? Tuna UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi kwa ngazi hadi taifa, yenye michezo na sanaa. Wakenya nao wana tamasha zao za muziki na maigizo, kutoka kaunti ndogo hadi taifa, na zinaheshimika. Tuna klabu za uhifadhi za Malihai na klabu za vijana za Fema, ushahidi kwamba klabu ya shule inaweza kuwa na mtandao wa nchi nzima. Tuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) Mwanza, shule kuu ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Chuo Kikuu cha Iringa. Huku vyama kama hiki vimekaa ndani ya vyuo vya namna hiyohiyo. Tusichokuwa nacho ni kiungo. Jarida la shule hutoka siku ya mahafali likiwa na picha ya mgeni rasmi ukurasa wa mbele, halafu kimya hadi mahafali yajayo.

Tanzania ina ukubwa wa zaidi ya Kansas nne. Kumtoa mwanafunzi Katavi hadi Dar kwa ajili ya siku moja ni kumtesa. Ningeanza na kanda moja, tuseme ya Ziwa, shule kumi, Jumamosi moja, na meza za uhakiki pekee. Vikombe visubiri. Kila shule ilete nakala za matoleo mawili iliyoyachapa kweli.

Na kuchapa si kisingizio. Shule nyingi zina mashine ya kudurufu mitihani. Karatasi moja ya A3 pande zote mbili, ikikunjwa, ni kurasa nne za A4. Gazeti la kurasa nane ni karatasi mbili, kwa hiyo rimu moja ya karatasi 500 inatoa nakala 250. Picha zenye giza hutoka madoa meusi tu kwenye mashine hiyo. Ongeza mwanga kabla ya kupeleka. Simu haziruhusiwi, sawa: daftari, kalamu na kamera moja ya shule iliyoandikishwa kwa mlezi vinatosha, na mwandishi anayeandika nukuu kwa mkono husikiliza kwa makini zaidi.

Habari za kuandika zipo tele bila kumtukana mtu. Mwanafunzi wa Dar na daladala: wanafunzi wawili wakae kituoni saa moja asubuhi kwa siku tatu, wahesabu magari yaliyosimama, yaliyopakia wanafunzi, na yaliyowaacha. Wamwulize konda, wawaulize LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, waandike majibu ya pande zote. Hiyo ni habari ambayo gazeti kubwa lingeichukua.

Kuhusu ruhusa, hatuna sheria kama ya 1992, ingawa Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni. Tusisubiri bunge. Waraka wa ukurasa mmoja unaweza kusainiwa na mkuu wa shule, mlezi na mhariri mkuu: mkuu atasoma kabla ya kuchapa, atakuwa na siku mbili, na akipinga habari ataandika sababu, moja kati ya kashfa, siri binafsi za mwanafunzi, au hatari ya usalama. Mkuu anayelazimika kuandika sababu hupinga mara chache kuliko anayetikisa kichwa.

Kinachoua klabu nyumbani mara nyingi ni uhamisho. Mwalimu mwenye moyo akipelekwa wilaya nyingine, kabati linafungwa. Kwa hiyo kila shule iwe na walezi wawili tangu siku ya kwanza, na jalada lenye waraka huo, nakala za matoleo yote, namba za wachapaji na orodha ya wahitimu waliokwenda vyuo vya habari. Jalada likae ofisi ya taaluma, na ufunguo usiwe mfukoni kwa mtu mmoja.