Profesa wa utawala wa umma aanze na jalada

Darasa la uzamili wa utawala wa umma linapoanza kujaa saa kumi na moja jioni, tazama wanaoingia. Yupo afisa utumishi wa halmashauri, yupo mtendaji wa kata, yupo mhasibu wa hospitali ya wilaya. Wameshinda na barua, vikao na wananchi wenye shida. Profesa akiwasha projekta na kuwaeleza sifa za urasimu kwa mujibu wa Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, anawasimulia habari za nyumba wanayolala. Wataandika, watakariri, watafaulu, na kesho asubuhi watafanya kazi vilevile walivyoifanya jana.

Sitaki nadharia iondolewe. Weber mwenyewe alisisitiza kwamba ofisi ya kisasa inakwenda kwa maandishi, na ushahidi wa hilo umejaa katika kila masijala ya serikali. Ninachodai ni mpangilio: jalada lifunguliwe kwanza, nadharia ije kueleza kilichomo. Hata asili ya fani hii kwetu Tanzania ni ya kazi. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikifundisha machifu na watumishi namna ya kuendesha mambo ya watu. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. Hadhi imepanda, lakini anayekuja kusoma bado ni mtu mwenye ofisi.

Chukua mikopo ya asilimia 10. Kifungu cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kilichoongezwa mwaka 2018 kama kifungu cha 37A kinaitaka kila halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani ikopeshe vikundi bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hoja za ukaguzi zikarundikana kuhusu fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyojulikana vilipo. Aprili 2023 serikali ikasimamisha utoaji wake, na mwaka 2024 mikopo ikarudi kwa utaratibu mpya. Humo mna muhula mzima wa masomo.

Semina yake iandaliwe hivi. Wiki moja kabla, wanafunzi wapewe kifungu chenyewe na kanuni zake, kurasa zinazohusika za ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya serikali za mitaa, na makisio ya halmashauri ya kubuni yenye shilingi bilioni 2 za mapato yanayohusika. Dakika 20 za mwanzo ni hesabu: milioni 200 kwa mwaka, yaani 80 kwa wanawake, 80 kwa vijana na 40 kwa wenye ulemavu. Kisha profesa aharibu hesabu hiyo kama inavyoharibika kweli. Mwaka wa fedha umeanza Julai, sasa ni Desemba, makusanyo yamefika milioni 700 tu. Kwa hiyo fungu la mikopo ni milioni 70, na vikundi vilivyoomba vinataka milioni 190. Watumishi wanadai posho zao, diwani ana orodha yake mkononi, na afisa maendeleo ya jamii wa kata hana mafuta ya pikipiki ya kwenda kuona kama mradi wa kuku upo au ni jina tu.

Gawa darasa: hawa mweka hazina, hawa mkurugenzi, hawa afisa maendeleo ya jamii, hawa mkaguzi wa ndani. Wakishabishana kwa nusu saa, nadharia ya mwenye mali na wakala wake, yaani matatizo ya kumkabidhi mwingine kazi yako, haihitaji tena slaidi. Wamekwisha kuona kwamba anayetoa mkopo si mwenye fedha, anayefuatilia hana nyenzo, na anayenufaika na ugawaji haulizwi marejesho. Hapo profesa aipe hali hiyo jina lake la kitaaluma, aonyeshe pia mahali nadharia inapopwaya. Mara nyingi inapwaya kwa sababu wenye mali hapa ni wengi na hawakubaliani: yupo mpiga kura, yupo diwani, ipo TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa.

Baada ya mjadala waandike dokezo sabili, yaani andiko fupi la ndani ya ofisi la kumshauri mwenye kuamua. Na hapa naomba maprofesa wanisikie vizuri, kwa sababu hii ndiyo kazi ambayo mhitimu ataifanya karibu kila siku ya utumishi wake, na programu nyingi haziigusi. Insha ya kurasa 15 hakuna mkurugenzi atakayeisoma. Dokezo ni ukurasa mmoja, ukizidi ni mmoja na nusu. Juu lina namba ya jalada, kutoka kwa nani kwenda kwa nani, na mada katika mstari mmoja. Chini yake aya zenye namba: jambo lilikotokea, likitaja folio husika (namba ya ukurasa ndani ya jalada), hoja yenyewe, sheria au kanuni inasemaje, njia mbili au tatu zinazowezekana, kila moja na gharama yake na kifungu cha bajeti kitakachobeba gharama hiyo, mwisho pendekezo moja.

Makosa yake ni yaleyale kila mara. Usuli unameza robo tatu ya ukurasa. Gharama inatajwa bila kifungu, kwa hiyo mhasibu analirudisha. Lililo baya kuliko yote ni kumalizia kwa "Nawasilisha kwa maelekezo yako" bila pendekezo lolote. Mwandishi amempelekea bosi swali akaliita ushauri. Jalada linakaa mezani wiki tatu, na mwananchi anaambiwa arudi Jumatatu. Profesa asahihishe dokezo kama mkurugenzi anavyofanya, kwa kuandika pembeni: "Kifungu gani?", "Nani atatekeleza, lini?" Alirudishe ndani ya siku saba, liandikwe upya, na alama zitolewe kwa toleo la pili. Kwa darasa la watu 40 mzigo ni mkubwa, najua. Madokezo manne kwa muhula yanatosha, yakichukua nafasi ya jaribio na insha.

Wastaafu nao waitwe, makatibu tawala na wakurugenzi, ila wasiachiwe kusimulia tu. Mpe mstaafu madokezo matano ya wanafunzi siku mbili kabla, aje aseme angeamua nini juu ya kila moja.

Kwenye tasnifu ndiko muda wa watu unakopotelea. Pendekezo la utafiti linakuja na kanuni ya Yamane ya kukokotoa idadi ya wahojiwa hata pasipohitajika: idadi yote, igawanywe kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linaloruhusiwa. Kwa watumishi 400 na kosa la 0.05 unapata 200, sawa. Kwa idara yenye watumishi 30 unapata 28. Wale wawili wameachwa kwa sababu gani? Wahoji wote 30. Kisha ukurasa unaofuata mwanafunzi anasema aliwachagua wahojiwa kwa makusudi, ilhali kanuni ile inataka uteuzi wa bahati nasibu. Msimamizi anapitisha, mtahini wa nje anakwama hapohapo, na mtu anarudishwa nyuma miezi sita. Dakika 30 za kukaa naye kabla dodoso halijachapwa zingemwokoa. Zaidi ya hapo, mtumishi akiulizwa kwa dodoso kama idara yake ina uwazi, atajibu "nakubali kabisa", kwa kuwa fomu imepitia kwa mkuu wake. Bora mwanafunzi ahesabu siku: barua 60 zilizopokewa masijala, kila moja ilichukua siku ngapi kujibiwa, na ilikwama kwenye meza ipi. Hizo ni takwimu ambazo hata ofisi yenyewe itazihitaji.

Jambo la lugha nalo lisikwepwe. Wanasoma kwa Kiingereza, wanaandika majalada kwa Kiswahili. Mtu anayeweza kufafanua uwajibikaji kwa kunukuu kitabu anababaika akitakiwa kumweleza mwenyekiti wa kijiji tofauti ya wajibu, uwajibikaji na kuwajibishwa. Kwetu "kuwajibika" kumebeba hata maana ya kuachia ngazi, na maana hiyo ina historia. Katika miaka ya 1970, Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kutokana na vifo vya watuhumiwa mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga, ingawa si yeye aliyewatendea. Baadaye, mwaka 1985, akawa Rais. Ni mfano wa kwetu, wenye utata wa kutosha kwa saa tatu za mjadala: kosa la aliye chini yako linakufikia kwa kiasi gani? Profesa alitoe kama zoezi la mwisho wa muhula, dokezo la ukurasa mmoja kwa Kiswahili kwenda kwa waziri aliye katika hali ile, kumshauri abaki au aondoke, kwa sababu zipi, na nani mwingine katika safu ya amri anapaswa kujieleza kabla yake.