Jamani, Huyo Pweza Hapikwi

Mimi hulala saa tatu usiku, Mikindani nzima inajua. Lakini hii wiki ya pili naamka macho mekundu kama mtu aliyepuliza salfa kwenye mikorosho bila miwani, na aliyenifikisha huku ni mpwa wangu.

Anasoma chuo Dar. Wapwa wa wenzangu wakija likizo huwaletea wajomba zao shati, au hata sukari kilo mbili. Wa kwangu kaja na kitabu! Cha Kiingereza, kinene kama tofali. "Mjomba, kisome, utacheka." Nikamwambia mimi na kucheka tuliachana tangu mnada wa kwanza wa korosho. Ila huku kwetu mjomba ni mjomba, mtoto wa dada akikuletea kitu hukikatai. Nikafungua ukurasa mmoja, kwa heshima tu.

Yaani nimekoma.

Kuna fundi bomba kabaki peke yake kwenye chombo cha angani, anaelekea Proxima Centauri. Eti hiyo ndiyo nyota ya jirani kabisa ukiacha jua letu. Ujirani gani huo, mwanga wenyewe unatembea miaka minne na ushee! Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha. Ile Voyager 1 waliyoirusha Wamarekani mwaka 1977 inakwenda kilomita 17 kwa sekunde, Mtwara hadi Dar hata dakika haimalizi. Kwa mwendo huo, kufika kwenye nyota hiyo ni zaidi ya miaka 70,000. Na huyu fundi, safari yote hiyo, analalamikia kitu kimoja tu: choo kinavuja. Mimi enzi za pantoni pale Rufiji, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, nililala foleni usiku mmoja nikagomba mpaka sauti ikakauka.

Sasa katikati ya safari anakutana na kiumbe kapotea njia, ana mikono minane. Pweza mtupu. Lugha hawaelewani, hewa ya huyu ni sumu kwa yule, lakini kumbe na kule kwa pweza choo kinavuja. Basi wakaanza kuelewana kwa spana. Kila ukurasa kuna kitu kinaharibika, na kila ukurasa wanakitengeneza huku wanataniana. Nacheka peke yangu kama mtu aliyerogwa.

Mama watoto alikuwa anakuna nazi, nikamtafsiria.

"Kwa nini asimpike?"

"Ni rafiki yake."

"Rafiki, mikono yote minane?"

"Halafu angani hakuna nazi."

"Ndiyo maana wanakonda."

Umeme nao ukikatika, natoka barazani na tochi, nasoma kwa sauti ili naye asikie akiwa jikoni. (Gesi ya kufua umeme tunachimba wenyewe hapa Mnazi Bay. Tuyaache hayo.) Ukirudi, jirani anawasha sabufa, mpaka vikombe kabatini vinacheza. Kitabu kinasema huko juu hakuna hewa, kwa hiyo sauti haisafiri. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu, kwa wivu.

Na huyo jirani hatusemeshani tangu Julai. Aliazima mashine yangu ya kupulizia, ikarudi haina mfuniko. Nilipomuuliza akasema mfuniko haukuwepo. Mashine ya salfa bila mfuniko, hiyo si chetezo?

Juzi niko kwenye sura pweza anaumwa, yule fundi hajui hata ampapase wapi. Hapo ndipo nikagundua sabufa kimya, na umeme upo. Nyuma ya ua wa makuti nikasikia mtu anakohoa.

"Eh. Kapona?"

Nikafunua ukurasa, kimya.

"Mtani, si nakuuliza, pweza kapona?"

"Mfuniko wangu uko wapi?"

Kimya. Nikasikia nyayo zinakwenda, mlango, makopo yanaanguka, nyayo zinarudi. Kitu kikaruka juu ya ua, kikatua miguuni pangu, ti! Mfuniko. Una kutu, lakini ndio wenyewe.

"Haya, soma."

Sasa kila usiku baraza limejaa watu saba. Betri za tochi zangu, kahawa yangu, koo langu. Nikiruka aya ngumu wanajua, wananirudisha.

Jana mama watoto, kwa wema wake, kanunua pweza feri, kamuunga nazi, kaleta sinia barazani. Tukalitazama. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Jirani akanong'ona, "Na huyu wa kwetu ana moyo kweli?"

"Anayo mitatu. Na damu yake buluu."

Akasukuma sinia taratibu, na wengine wakafuata. Mama watoto akanitazama, akalitazama sinia, akaingia ndani.

Jirani tunasemeshana. Aliyeninunia sasa ni mama watoto.